Siku tatu Yogyakarta: kasri "tupu", magoti ya mama na batiki ya kweli

*Swali: Shikamoo mwalimu. Mwezi wa saba nakwenda Yogyakarta, Indonesia, kwa mkutano wa kikazi, na nimeamua kwenda na mama. Mkutano ukiisha tutabaki siku tatu. Mama ana miaka 68, ni mchangamfu lakini magoti yanamsumbua. Mwenzangu wa kazini aliyewahi kufika huko ananikatisha tamaa. Anasema kasri la sultani ni mabanda matupu, alizunguka nusu saa akatoka, na mji wenyewe ni mtaa mmoja wa kununua fulana. Ni kweli? Tupange vipi siku zetu, na tuache nini? Na batiki ya kweli naitambuaje, maana nimeagizwa na watu sita. (Msomaji, Tanga)*

Marahaba, dada yangu. Mwenzako hajakudanganya. Kasri la Yogyakarta, wenyewe wanaliita Kraton, ni mabanda kweli kwa mtu aliyezoea picha za majumba ya wafalme wa Ulaya: mapaa makubwa juu ya nguzo, sakafu inayong'aa, kuta hakuna. Mimi nilikwenda kule kusomea uhifadhi wa majengo ya kale, na siku ya kwanza nilitoka Kraton nikijiuliza kiingilio changu kimelipia nini. Ilinichukua miezi kuona kosa langu. Nilikuwa natazama jengo moja moja, na mji ule haukupangwa kwa jengo moja moja. Umepangwa kwa mstari.

Tandaza ramani mezani. Juu, kaskazini, weka kidole kwenye Merapi, volkano hai ambayo siku ya anga safi unaiona ikitoa moshi. Chini, kusini, ni ufukwe wa Parangkusumo, nao ni wa Bahari ya Hindi, hii hii iliyo mbele yenu Tanga. Vuta mstari kati ya hivyo viwili. Utapita kwenye nguzo nyeupe iitwayo Tugu, utashuka barabara ya Malioboro, utaingia uwanja wa kaskazini wa kasri, utalikata kasri katikati, utatokea uwanja wa kusini, na mwisho utafika kwenye jengo la matofali lenye umbo la sanduku, Panggung Krapyak, kituo cha masultani walipokwenda kuwinda.

Aliyeupanga mstari huo ni Hamengkubuwono I. Mwaka 1755, baada ya miaka ya vita vya ukoo wa kifalme wa Mataram, dola ya Java, ambavyo Waholanzi walikuwa na mkono wao ndani, Mkataba wa Giyanti uliigawa dola vipande viwili. Mtoto wa kaka akabaki na Surakarta. Baba yake mdogo, Mangkubumi, akapata nusu ya pili, akatwaa jina la Hamengkubuwono, na mwaka uliofuata akahamia kwenye kasri jipya. Alikuwa mpiganaji, lakini pia mjenzi hasa. Kwa mujibu wa mpango wake, kutoka Krapyak kuja kasri ni safari ya mtu tangu kuzaliwa hadi kukomaa, na kutoka Tugu kuja kasri ni safari ya kumrudia Muumba. Hata miti ya njiani ilichaguliwa kwa maana. Mkwaju kwa Kijava ni *asem*, na unawakumbusha neno *sengsem*, kuvutiwa. Mwaka 2023 UNESCO iliuingiza mstari huo mzima, pamoja na majengo yake, kwenye orodha ya urithi wa dunia. Haikuingiza kasri peke yake.

Sasa rudi kwenye mabanda. Jina lake ni *pendopo*, na Mswahili halazimiki kufafanuliwa sana, kwa sababu ni baraza. Baraza kubwa mno, lakini baraza. Kwetu mwenye nyumba hujulikana kwa nani anakaa barazani kwake na nani anapitilizwa ndani. Kwao hivyo hivyo, ila imefanywa elimu. Nguzo nne za katikati ndizo zinazobeba paa la juu kabisa, na kila ukitoka katikati kwenda pembeni paa linashuka na heshima inashuka nalo. Ule utupu unaouona ni nafasi iliyoachwa kwa watu. Pendopo bila watu ni kama ukumbi wa harusi asubuhi ya siku ya pili.

Kwa hiyo usiende wakati hakuna watu. Kila asubuhi, isipokuwa siku ambazo kasri limefungwa, kuna onyesho katika moja ya mabaraza, na aina yake hubadilika kwa siku: leo gamelan, yaani kundi la magongo na ala nyingine za kugonga, kesho ngoma ya kasri, siku nyingine vikaragosi vya ngozi, siku nyingine mashairi ya kuimbwa. Fikeni saa tatu asubuhi, mwone kasri kidogo, kisha mkae mapema karibu na wapigaji. Mama atafurahi, maana ni kukaa. Gamelan ukiisikia kwenye simu ni kengele kengele tu. Ukiwa hatua tano kutoka kwenye gongo kubwa, pigo lake hulisikii masikioni kwanza. Linakuingia kifuani, halafu ndipo sikio linapata habari. Kila seti ya ala ina jina lake kama mtu, na majina mengi huanza na *Kyai*, neno la heshima wanalowaitia pia masheikh. Visu vya *keris* vina majina, magari ya farasi ya kifalme yana majina.

Tazama pia wahudumu wa kasri, *abdi dalem*. Wanaume huvaa kitambaa cha batiki kiunoni, koti la mistari, kilemba kilichoshonwa tayari, na keris imechomekwa mgongoni. Hawavai viatu. Malipo yao ni madogo sana, na ukiwauliza wengi watakujibu kwamba wanachotafuta ni baraka. Usidhani ni waigizaji wa watalii. Sultani wa sasa, Hamengkubuwono X, ndiye gavana wa jimbo tangu 1998, na sheria ya mwaka 2012 imekubali kwamba nafasi hiyo haipigiwi kura. Heshima hiyo ilitokana na baba yake, aliyesimama na Jamhuri changa dhidi ya Waholanzi. Kuanzia Januari 1946 hadi Desemba 1949 makao makuu ya Indonesia yalikuwa Yogyakarta, si Jakarta.

Kuna sababu nyingine ya utupu ambayo vibao vya kasri haviipigii kelele. Juni 1812 Waingereza, waliokuwa wameinyakua Java kwa miaka michache, walilivamia kasri na kulipora. Walibeba fedha, wakabeba na maktaba. Miswada mingi iko London mpaka leo. Mwaka 2019 Maktaba ya Uingereza ilimkabidhi Sultani nakala za kidijitali za miswada 75. Nakala, dada, si miswada. Basi mtu akikuambia kasri lile halina kitu, mwambie anayo haki ya kusema hivyo, ila aulize na vitu vilikwenda wapi.

Kabla hamjatoka upande wa kusini, tafuta lango la Kemagangan. Utaona majoka mawili yaliyosokotana mikia. Si mapambo, ni tarehe. Wajava huandika miaka kwa maneno, kila neno lina tarakimu yake: *dwi naga rasa tunggal*, mbili, nane, sita, moja. Ukisoma kinyumenyume unapata 1682 ya kalenda ya Kijava, ambao ni 1756 wa kalenda yetu, mwaka Sultani alipohamia. Nilipita chini ya majoka yale labda mara ishirini kabla mzee mmoja hajanisimamisha akanisomea.

Siku ya kwanza, basi, ni ya mstari. Anzeni Tugu asubuhi na mapema kabla ya jua na pikipiki. Nguzo ya zamani iliangushwa na tetemeko la 1867. Waholanzi waliijenga upya mwaka 1889 ikiwa fupi zaidi na kwa umbo jingine. Ile ya kwanza ilikuwa mviringo na mpira juu, ishara ya mfalme na raia kuwa kitu kimoja, na wenyeji wengi wanaamini ishara hiyo haikupotea kwa bahati mbaya. Kutoka hapo hadi kasri ni kama kilomita mbili na nusu. Mama asitembee. Kodini *becak*, baiskeli ya magurudumu matatu ambayo abiria hukaa mbele na dereva nyuma, au *andong*, gari la farasi. Mpatane bei kabla ya kupanda, na mtaje bei ni ya watu wangapi.

Hapo hapo nikupe tahadhari moja. Malioboro atakuja kijana mtanashati, Kiingereza safi, atakuambia kasri leo limefungwa lakini kwa bahati nzuri kuna maonyesho ya batiki ya wanafunzi, na leo ndiyo siku ya mwisho. Mimi nilikwenda. Nilikunywa chai yao, nikanunua picha moja kwa bei ambayo sijamwambia mke wangu, na wiki mbili baadaye nikapita tena: leo ndiyo siku ya mwisho. Kasri kwa kawaida hufungwa Jumatatu na hufunga mapema mchana. Siku nyingine usimsikilize mtu mpaka ufike mlangoni mwenyewe.

Adhuhuri itawakuta karibu na Masjid Gedhe, magharibi ya uwanja wa kaskazini. Ulijengwa mwaka 1773. Usitafute kuba wala mnara mrefu: paa ni la ngazi tatu, kama majamvi matatu yaliyokunjwa yakawekwa moja juu ya jingine, na kabla ya adhana hupigwa ngoma kubwa iitwayo *bedug*. Ndani ni msitu wa nguzo za mti, nyeusi kwa umri, na baridi yake ni ya kisima. Mama akishaswali amwombe Mungu magoti, kisha akae kwenye kibaraza kipana cha mbele, maana hadithi ya mtaa ule ni ndefu.

Mtaa unaitwa Kauman. Hapo ndipo Ahmad Dahlan, aliyekuwa khatibu wa msikiti huu, alipoianzisha Muhammadiyah mwaka 1912, jumuiya ambayo leo ina mashule, vyuo na hospitali Indonesia nzima. Kabla ya hapo alikwisha kuzua zogo kwa jambo dogo kwa macho: alipiga hesabu akaona kibla cha misikiti mingi, ukiwemo huu, hakielekei sawa. Alipogeuza safu, waliokasirika wakaenda kukibomoa kijimsikiti chake. Ingieni vichochoro vya Kauman, vyembamba kama vya Mji Mkongwe, na pikipiki husukumwa kwa heshima badala ya kuendeshwa.

Ungekuja wakati wa Maulidi ungekuta Sekaten. Seti mbili za gamelan hutolewa kasri na kuwekwa kwenye ua wa msikiti huu, zikapigwa kwa wiki nzima, na siku ya Maulidi milima ya vyakula hubebwa kwa maandamano na watu kuigombania. Mtu aliyekulia karibu na Maulidi ya Lamu hatashangaa kwamba dini na ngoma vinakaa ua mmoja. Atashangaa kwamba aliyezileta ngoma ni Sultani mwenyewe.

Siku ya pili iwe Borobudur, hekalu kubwa la kale la Kibuddha. Ni kama kilomita 40 kaskazini-magharibi, kodini gari la siku nzima, na ondokeni alfajiri kwa sababu mwezi wa saba ni wakati wa likizo za shule. Tiketi ya kupanda juu ni tofauti na ya kutembea uwanjani, idadi ya wanaopanda kwa siku ina kikomo, na Jumatatu kwa kawaida hawapandishi watu. Nunua mtandaoni mapema. Watakupa sandali za kusuka uvae ili mawe yasilike zaidi.

Sasa mama. Ngazi za Borobudur ni refu kwa kimo na nyembamba kwa upana, hazina huruma. Ushauri wangu ni huu: wewe upande, mama asipande. Wala hatakosa kitu, kwa sababu ndani ya eneo lile lile kuna makumbusho ya Samudra Raksa, na humo mna kitu ambacho mtu wa Tanga atakielewa kabla ya mtaalamu wa Ulaya. Kwenye kuta za Borobudur, lililojengwa karne ya 8 na ya 9 chini ya nasaba ya Sailendra, kumechongwa vyombo vya baharini kadhaa. Vizuri zaidi kati yake ni jahazi la tanga mbili lenye matengo ubavuni. Ndiyo, matengo, kama ya ngalawa. Mwaka 2003 chombo kilijengwa kwa kufuata mchongo huo, kikaondoka Jakarta, kikapita Shelisheli na Madagaska, kikazunguka Rasi ya Tumaini Jema na kufika Accra, Ghana, mwanzoni mwa 2004. Chombo chenyewe ndicho kilichowekwa pale. Wataalamu wengi wanaihusisha ngalawa yetu na mabaharia wa visiwa vile, watu wale wale waliopeleka lugha yao Madagaska. Mwache mama ayatazame yale matengo kwa utulivu, atakuwa na maoni.

Wewe ukiwa juu, fuata desturi: anza upande wa mashariki na uzunguke jengo likiwa mkono wako wa kulia. Michoro ya kuchongwa ni paneli 2,672, huwezi kuisoma yote, usijaribu. Chagua ukuta mmoja wa baraza la kwanza, simama mbele ya paneli tatu au nne, tazama watu wa kawaida waliomo: mwanamke amebeba mtungi, tumbili, muuza samaki, paa la nyumba lenye mteremko ule ule utakaouona kwenye kijiji cha jirani. Ukifika juu michoro inakatika ghafla. Hakuna hadithi tena, ni stupa 72, yaani vikuba vya mawe kama kengele, na anga. Masanamu ya Buddha yalikuwa 504. Zaidi ya 300 yameharibika, mengi hayana vichwa, na baadhi ya vichwa hivyo viko kwenye makumbusho ya nchi za mbali. Rudini kupitia hekalu dogo la Mendut, ambalo lina ngazi chache na sanamu kubwa ya Buddha aliyeketi na miguu chini kama mtu aliye kitini. Mama apumzike hapo chini ya mti.

Siku ya tatu asubuhi nendeni Taman Sari, bustani ya maji ya Hamengkubuwono I, iliyoanza kujengwa mwaka 1758. Watalii hupiga picha kwenye mabwawa kisha huondoka. Ninyi pitilizeni vichochoroni nyuma yake, maana watu wanaishi ndani ya magofu, wameanika nguo kwenye kuta za karne ya 18, na kwa maoni yangu ya kitaalamu ndivyo magofu mengi yanavyodumu: wenye nyumba wanayalinda kuliko askari. Kuna sehemu ya chini ya ardhi iitwayo Sumur Gumuling, jengo la mviringo lililotumika kama msikiti, ambako ngazi fupi zinakutana katikati hewani juu ya maji. Kuna njia ya kushuka na ngazi za kupanda, mama ataamua mwenyewe akizikuta.

Mchana, kama nguvu zipo, pitieni Kotagede, makao ya Mataram tangu mwishoni mwa karne ya 16, mtaa wa mafundi fedha, wenye msikiti wa kale na makaburi ya kifalme. Kuingia makaburini lazima mvae nguo za Kijava mnazokodi hapo. Kama nguvu hazipo, lalani, mwende Prambanan saa tisa alasiri wakati jua linapolegea.

Prambanan iko kama kilomita 17 mashariki, na hata basi la Trans Jogja linafika. Ni mahekalu ya Kihindu ya katikati ya karne ya 9, na lile la mungu Shiva lina urefu wa mita 47. Awali yalikuwa mahekalu 240, makubwa kwa madogo. Mengi bado ni marundo. Usione uzembe. Kanuni yao ni kutolisimamisha hekalu mpaka wapate sehemu kubwa ya mawe yake ya asili, na ninaiheshimu kuliko ukarabati wa saruji niliouona kwingine. Tetemeko la tarehe 27 Mei 2006, lililoua watu zaidi ya 5,700 katika eneo lile, liliyatikisa tena mahekalu haya, na kule kasri likaangusha baraza moja.

Mama mpe hadithi ya Roro Jonggrang mkiwa njiani. Binti mfalme alitakwa na muuaji wa baba yake, Bandung Bondowoso. Akaweka sharti: nijengee mahekalu elfu moja kwa usiku mmoja. Yule bwana akaita majini wakamsaidia. Alipobakiza moja, binti akawaamsha wanawake wa kijiji, wakawasha moto upande wa mashariki na kuanza kutwanga mpunga kwenye vinu. Majogoo yakasikia mchi, yakaona mwanga, yakawika. Majini yakadhani kumekucha, yakakimbia. Bondowoso alipogundua amechezewa, akamgeuza binti kuwa jiwe, na ndiye sanamu la Durga, mungu wa kike wa Kihindu, lililo kwenye chumba cha kaskazini cha hekalu la Shiva. Mwezi wa saba ni kiangazi, kwa hiyo siku kadhaa za wiki kuna mchezo wa Ramayana, utenzi wa kale wa Kihindu, usiku kwenye jukwaa la wazi, mahekalu yakiwa nyuma yamewashwa taa. Umekuwepo tangu 1961. Chukueni koti, usiku kunapoa.

Mnachoweza kuacha: magari ya jipu ya kwenye majivu ya Merapi, yanarusha na yatamwumiza mama. Pia kuogelea ufukwe wa Parangtritis, msithubutu, mkondo wake unaua. Na Malioboro ya ununuzi: tangu 2022 wachuuzi wa barabarani wamehamishiwa kwenye masoko maalumu, fulana zipo, lakini usitoe siku kwa ajili yake.

Chakula cha mji ni *gudeg*, fenesi changa lililopikwa kwa saa nyingi na tui na sukari ya mnazi mpaka likawa kahawia. Ni tamu kweli kweli, na mtu wa kwetu humchukua vijiko vitatu kukubaliana nayo. Mtaa wa Wijilan, karibu na kasri, unauza hiyo tu. Asiyetaka utamu atafute *sate klathak*, mshikaki wa mbuzi uliochomwa kwenye sindano ya chuma kama ya gurudumu la baiskeli, chumvi na kiungo kidogo basi. Nyama mjini kwa jumla ni halali, ila ukiona neno *babi* ni nguruwe, na *sengsu* ni mbwa. Usiku, karibu na stesheni ya Tugu, kuna vibanda vya kahawa ambako mwuzaji huchukua kaa la moto kwa koleo na kulitumbukiza kwenye glasi yako. Linachachatika, povu linapanda, unangoja, unakunywa. Faida yake wanazijua wao.

Lugha isikutishe. "Apa kabar" ni habari gani. Meza ni *meja*, bendera ni *bendera*, karatasi *kertas*, sabuni *sabun*, nanasi *nanas*. Mwarabu na Mreno walipita kwao na kwetu wakimwaga maneno yale yale. Mwanamke wa umri wako mwite *mbak*, mwanamume *mas*, na wakubwa *ibu* na *bapak*. Mama yako atakuwa *ibu* kwa kila mtu, atapewa kiti kila mahali. Ukiuliza njia hutaambiwa kulia wala kushoto, utaambiwa nenda kaskazini, kisha mashariki. Ndiyo maana nilikuomba utandaze ramani. Ukijua Merapi iko wapi hupotei.

Sasa batiki. Kuna namna tatu. Ya kwanza ni *tulis*, ya mkono: fundi anakaa kwenye kigoda mbele ya kikaango kidogo cha nta ya moto, anachota kwa *canting*, kijikopo cha shaba chenye mdomo mwembamba kama wa kalamu, anaupuliza mdomo ule usizibe, ndipo anagusa kitambaa. Kitambaa kimoja kinaweza kuchukua wiki au miezi. Ya pili ni *cap*, nta hupigwa kwa muhuri wa shaba; nayo ni batiki halali, ni haraka na bei yake inabebeka. Ya tatu ni kitambaa kilichochapwa kiwandani kwa michoro ya batiki. Hicho unacho tayari. Karne ya 19 viwanda vya Ulaya, vya Waholanzi wakiwemo, viliiga batiki ya Java kwa mashine, soko kubwa likapatikana Afrika Magharibi, na mwisho wa safari hiyo ni vitenge vya waksi vilivyojaa makabatini mwetu.

Kuzitofautisha, geuza kitambaa. Kilichochapwa kina upande mmoja uliokolea na mwingine uliofifia. Batiki ya nta rangi yake imepenya pande zote mbili. Halafu fuata ua moja kwa jicho: kwenye cap linajirudia sawasawa na unaweza kuona mihuri ilipokutana, kwenye tulis hakuna maua mawili yanayolingana kabisa. Nusa pia, batiki mpya ina harufu ya nta. Mtindo wa Yogyakarta ni kahawia, buluu ya nili na nyeupe safi. Ukiona nyeupe inayoelekea rangi ya malai, hiyo ni ya Solo, ndiyo Surakarta. Mistari ya mshazari kama mawimbi inaitwa *parang*, na baadhi yake zamani ilikuwa haramu kwa raia kuvaa. Usiivae ukienda kasri.

Kwa wale watu sita nunua cap soko la Beringharjo, asubuhi, ghorofa ya chini, na bei upunguze kwa tabasamu, wao hawapendi ukali. Tulis nunua moja tu, ya mama, kwenye karakana ambako fundi yupo na kikaango kinafuka. Mwuzaji akikutajia tulis kwa bei ya kitenge, mrudishie kitambaa chake, umshukuru kwa *matur nuwun*, uende banda la pili.